Shukrani ya Kinywa na Shukrani ya Uaminifu

Mavuno yanapokwisha kuingia ghalani, makanisa yetu mengi huwa na siku ya kumshukuru Mungu. Mmoja huleta debe la mahindi, mwingine kikapu cha maharagwe, mwingine jogoo, na mjane huleta mayai mawili katika kitambaa. Desturi hii ni njema sana, na asili yake ni Neno la Mungu, maana Musa aliwaagiza Waisraeli kuleta malimbuko yao katika kikapu mbele za Bwana. Lakini mtu asomaye sura ya 26 ya Kumbukumbu la Torati ataona ya kuwa Musa hakuishia kwenye kikapu. Aliwaagiza pia wamkumbuke Mlawi, mgeni, yatima na mjane, kisha kila mtu akiri mbele za Mungu ya kwamba amewapa haki yao. Basi shukrani ina sehemu mbili: kinywa kinachokiri wema wa Mungu, na mkono unaotimiza yaliyoagizwa.

Je, taifa likiwa na sehemu ya kwanza bila ya pili, baraka yake itadumu? Nataka tulitazame swali hili katika habari za nchi ya Marekani, ambayo siku yake ya shukrani yajulikana ulimwenguni kote. Habari zenyewe zina mambo ya kututia moyo, na zina mambo ya kutuonya. Tukichukua ya kututia moyo tu na kuyaacha mengine, tutakuwa tumejidanganya wenyewe.

1. Wakimbizi wavuka bahari

Mwanzoni mwa karne ya 17 walikuwako Uingereza Wakristo wachache waliojitenga na kanisa la serikali, kwa kuwa hawakuachiwa kumwabudu Mungu kama dhamiri zao zilivyowaagiza. Wengine wakatozwa faini, wengine wakafungwa. Mwaka 1608 kundi moja kutoka kijiji cha Scrooby na vijiji vya jirani likakimbilia Uholanzi. Wakakaa kwanza Amsterdam, kisha Leiden, pamoja na mchungaji wao John Robinson. Huko walipata uhuru wa kuabudu, lakini kazi zao zilikuwa nzito na ujira wake haba, na watoto wao walianza kuacha desturi za wazazi. Baada ya miaka kumi na zaidi baadhi yao wakaazimu kwenda ng'ambo ya bahari.

Mwezi wa Septemba 1620 merikebu iitwayo Mayflower ikatweka tanga kutoka bandari ya Plymouth, ikiwa na abiria 102. Si wote waliokuwa wa kundi la Leiden. Wengi walikuwa watu waliotafuta riziki tu. Wakawa baharini siku 66, wakapigwa na tufani, na mwezi wa Novemba wakatia nanga Cape Cod, baridi ikiwa imekwisha kuanza. Kabla ya kushuka, wanaume 41 walitia sahihi mapatano ya kuwa jamii moja na kuzitii sheria watakazozitunga kwa faida ya wote.

Walipokuwa wakiipeleleza nchi, wakaona mahali palipofukiwa. Wakachimba, wakakuta vikapu vya mahindi, akiba ya wenyeji. Njaa ilikuwa mlangoni, nao wakayachukua. Lakini wakaazimu ya kuwa watakapowaona wenye mahindi watawalipa. Na mwaka uliofuata, walipokutana nao, wakawalipa kweli. Msomaji na aliweke moyoni jambo hili, kwa maana huu ulikuwa mwanzo mwema. Waliochukua kwa dhiki hawakuona haya kukiri deni lao, wala hawakusema ya kuwa Mungu ndiye aliyewapa mahindi yale, na kwa hiyo hawana deni kwa mwanadamu.

Masika ya baridi yale yalikuwa ya mauti. Walijenga vibanda vyao mahali walipopaita Plymouth, lakini ugonjwa ukawashika, hata karibu nusu ya watu wote wakafa. Kulikuwa na siku ambazo walioweza kusimama na kuwauguza wenzao hawakuzidi sita au saba. Hao waliwasha moto, wakapika, wakafua nguo za wagonjwa, wasione kinyaa. Miongoni mwao alikuwamo mzee wa kanisa William Brewster.

2. Tisquantum na Massasoit

Nchi ile haikuwa tupu. Ilikuwa nchi ya Wawampanoag, na mfalme wao mkuu aliitwa Massasoit. Lakini miaka michache kabla ya merikebu kufika, tangu 1616 mpaka 1619, maradhi makali yaliyoletwa na wageni wa pwani yaliwaua watu wengi mno. Mahali pale pa Plymouth palikuwa zamani kijiji kiitwacho Patuxet, na watu wake wote walikuwa wamekufa, isipokuwa mmoja.

Mtu huyo aliitwa Tisquantum, na Waingereza walimwita Squanto. Mwaka 1614 nahodha mmoja Mwingereza alimwiba pamoja na wenzake, akawapeleka Málaga, Hispania, ili awauze. Watawa wa kule wakawanusuru baadhi yao. Sisi tunaokaa nchi ambazo watu wake walishushwa Bagamoyo na kuvushwa hata soko la Unguja hatuhitaji kufundishwa uchungu wa safari ile. Tena tunajua ya kuwa huko Bagamoyo wamisionari walifungua mji mwaka 1868 wa kuwapokea waliokombolewa utumwani. Tisquantum alifika London, akajifunza Kiingereza, na mwaka 1619 akarudi kwao. Alipofika Patuxet hakumkuta baba wala ndugu.

Mtu aliyetendewa hivyo na Waingereza angaliweza kuwaacha wafe njaa. Badala yake akakaa nao. Akawafundisha kupanda mahindi pamoja na samaki katika kila shimo ili udongo upate nguvu, akawaonyesha mahali pa kuvua, akawa mkalimani wao. Mwezi wa Machi 1621 Massasoit alikuja na watu wake, akafanya agano na liwali wa Plymouth, John Carver. Walipatana ya kwamba pasiwe na upande utakaoudhuru wenzake; mtu wa Massasoit akimdhuru Mwingereza, atolewe aadhibiwe; kilichoibwa kirudishwe; na upande mmoja ukipigwa vita bila haki, mwingine uusaidie. Agano lile lilifanywa na watu walio dhaifu kwa pande zote mbili. Waingereza walikuwa wachache na wagonjwa. Wawampanoag walikuwa wamepunguzwa na maradhi, na jirani zao wa Narragansett walikuwa na nguvu.

3. Mavuno ya kwanza

Mahindi yalistawi. Majira ya mavuno ya 1621 liwali mpya, William Bradford, akawatuma watu wanne wawinde ndege, ili wapate kufurahi pamoja baada ya kukusanya matunda ya kazi yao. Massasoit akaja na wanaume 90. Hesabu ya Waingereza waliosalia, wanaume, wanawake na watoto, ilikuwa kama 50 tu. Basi wageni walikuwa karibu mara mbili ya wenyeji wa karamu. Nao Wawampanoag wakaenda mwituni, wakaleta kulungu watano. Wakala pamoja siku tatu. Hayo aliyaandika Edward Winslow, aliyekuwapo, katika barua ya Desemba mwaka ule ule.

Tuwafikirie watu wale walioketi kula. Hapakuwa na nyumba isiyokuwa na kaburi. Wakati wa baridi walikuwa wamezika nusu ya jamaa zao, na wale wenyeji walikuwa wamezika vijiji vizima. Hata hivyo wakamtukuza Mungu kwa chakula kilichokuwapo. Shukrani yao haikungoja mambo yote yatengenee kwanza. Na methali yetu yasema, asiyeshukuru kwa kidogo, hata kwa kikubwa hashukuru.

Mwaka 1623 wakajaribiwa tena. Tangu mwezi wa Mei hata katikati ya Julai mvua haikunyesha, na mahindi yakaanza kukauka. Wakatenga siku ya kufunga na kuomba. Asubuhi mbingu zilikuwa nyeupe na jua kali. Jioni mawingu yakakusanyika, na baadaye ikanyesha mvua ya taratibu iliyouburudisha udongo bila kuyaangusha mahindi. Wakaweka siku ya kushukuru. Wenyeji waliokaa nao walistaajabu kuona maombi yale na jibu lake.

Katika mwaka huo huo habari zilifika ya kuwa Massasoit yu mahututi. Winslow akafunga safari kwa miguu mpaka kwake. Akamkuta hajiwezi, macho hayaoni. Akamsafisha kinywa kwa mkono wake, akamlisha kidogo kidogo, akampikia mchuzi, hata mfalme akapona. Massasoit akasema ya kuwa sasa anajua Waingereza ni rafiki zake, akawaonya juu ya shauri baya lililokuwa likipangwa na watu wengine juu yao. Hivyo wema ulizaa wema. Tangu agano lile la 1621 watu wa Plymouth na watu wa Massasoit walikaa bila vita zaidi ya miaka 50. Ukitafuta baraka ya Mungu juu ya mji ule mdogo, itafute hapo: palikuwa na shukrani, na agano lilitunzwa.

4. Watoto wa agano

Lakini Waingereza waliongezeka. Tangu 1630 merikebu nyingi zilikuja, watu kwa maelfu, nao wakaenea kaskazini na magharibi ya Plymouth. Wenye njaa wa zamani wakawa wenye ng'ombe na mashamba makubwa. Mifugo yao ikaingia katika mahindi ya wenyeji. Ardhi ikahama mkono kwa hati ambazo wenyeji hawakuzielewa kama Waingereza walivyozielewa, na kesi zikaamuliwa katika mabaraza ya Waingereza. Siku za udhaifu mkataba ulikuwa tegemeo la wote wawili. Siku za nguvu aliye na nguvu akauona mzigo. Hilo ndilo jambo ambalo Musa alilionya katika sura ya 8 ya Kumbukumbu la Torati, ya kwamba hatari ya kumsahau Mungu haiji wakati wa njaa, bali wakati wa kushiba, nyumba zikiwa nzuri na mifugo ikiwa mingi.

Massasoit alikufa karibu mwaka 1661. Mwanawe mkubwa, Wamsutta, aliitwa na wakubwa wa Plymouth mwaka 1662, akaletwa kwa watu wenye silaha, akaugua, akafa. Watu wake hawakuamini ya kuwa ni maradhi tu. Nduguye, Metacom, ambaye Waingereza walimwita Philip, akalazimishwa mwaka 1671 kutoa bunduki za watu wake na kutia alama yake katika mapatano mapya, yasiyo ya rafiki na rafiki. Mwezi wa Juni 1675 vita vikaanza. Vilikuwa vita vibaya kwa pande zote. Miji mingi ya Waingereza ilichomwa moto, na wanawake na watoto waliuawa huku na huku.

Katika vita hivyo wako watu ambao Wakristo wa Afrika hatupaswi kuwasahau. Mchungaji John Eliot alikuwa amejifunza lugha ya wenyeji, na kwa msaada wa wenyeji wenyewe akaifasiri Biblia nzima. Ilipigwa chapa mwaka 1663, na ndiyo Biblia nzima ya kwanza kupigwa chapa katika Marekani, kabla ya ile ya Kiingereza. Wenyeji wengi waliamini, wakakaa katika vijiji vyao vya Kikristo. Lakini vita vilipoanza, Waingereza wengi hawakuwaamini. Mwaka 1675 mamia yao walipelekwa kisiwani karibu na Boston, wakaachwa huko wakati wa baridi bila chakula cha kutosha wala makao, wakafa wengi. Kosa lao lilikuwa ngozi yao. Eliot akawatetea, akachukiwa kwa ajili yao.

Mwezi wa Agosti 1676 Metacom akauawa. Watu wa Plymouth walikuwa wameweka siku ya kumshukuru Mungu, na siku ile ile, ibada ikiwa imekwisha, kichwa cha Metacom kikaletwa mjini, kikatundikwa juu ya mti, nacho kikakaa hapo miaka mingi. Mkewe na mwanawe, mtoto wa miaka tisa hivi, walikuwa mikononi mwao. Wachungaji wakaulizwa mtoto afanyweje. Wengine wakatafuta katika Maandiko habari za kuhalalisha kuuawa kwake. Mchungaji James Keith akaomba ahurumiwe. Mwisho mtoto akauzwa utumwani ng'ambo. Huyo alikuwa mjukuu wa Massasoit, ambaye watu wake waliwaletea kulungu watano wa karamu ya kwanza. Fadhila ya punda ni mateke.

Basi tunaona siku mbili za kushukuru katika mji mmoja, ile ya 1621 na ile ya 1676. Zaburi ziliimbwa katika kanisa lile lile, na jina la Mungu lililotajwa ni lile lile. Lakini mara ya kwanza watu walikula pamoja na wana wa agano, na mara ya pili walishangilia kichwa cha mwana wa agano. Nani atasema ya kuwa shukrani hizi mbili zilikuwa na harufu moja mbele za Mungu?

Hapo ndipo mtu hukumbuka habari za Wagibeoni. Yoshua na wazee wa Israeli waliwaapia kwa jina la Bwana ya kwamba hawatawaua. Miaka mingi ikapita, na mfalme Sauli, katika bidii yake kwa ajili ya taifa lake, akawaua. Yamkini aliona kiapo kile ni cha zamani, na kwamba Wagibeoni ni wageni wasio na nguvu. Lakini siku za Daudi njaa ikaingia miaka mitatu, na Daudi alipomwuliza Bwana, akaambiwa sababu yake ni damu ile. Mungu alikuwa amekihesabu kiapo ambacho Israeli walikuwa wamekisahau. Ahadi ni deni, na mwenye kuliandika deni hilo ni Mungu.

5. Taifa kubwa na deni kubwa

Miaka mia moja na zaidi ikapita, Marekani ikawa taifa lenye serikali yake. Rais wa kwanza, George Washington, alitangaza Alhamisi tarehe 26 Novemba 1789 iwe siku ya taifa zima kumshukuru Mungu, na pia kumwomba asamehe makosa ya taifa. Neno hilo la pili lilikuwa la lazima kuliko wengi walivyojua, maana katika hesabu ya watu ya mwaka uliofuata watumwa Waafrika walikuwa karibu 700,000. Washington mwenyewe alikuwa na watumwa, ingawa katika wosia wake aliagiza walio wake wawekwe huru mkewe akiisha kufa. Taifa lilikuwa limetangaza mwaka 1776 ya kwamba watu wote wameumbwa sawa. Hiyo nayo ilikuwa ahadi, tena iliyotolewa mbele za Mungu na mataifa.

Deni halikulipwa, likaongezeka. Hata 1860 watumwa walikuwa karibu milioni 4. Makanisani watu walishukuru kwa pamba iliyovunwa na mikono iliyofungwa. Tarehe 5 Julai 1852, katika mji wa Rochester, Frederick Douglass, aliyekuwa mtumwa akatoroka, alisimama akawauliza weupe waliomwalika kusema, sikukuu yao ya uhuru ina maana gani kwa mtumwa. Akawakumbusha sura ya kwanza ya Isaya, ambapo Mungu asema amechoka na sikukuu za watu wenye mikono iliyojaa damu.

Mwaka 1861 vita vya wenyewe kwa wenyewe vikaanza. Vikaendelea miaka minne, na waliokufa walizidi 600,000. Rais Abraham Lincoln alitangaza uhuru wa watumwa katika majimbo yaliyoasi tangu tarehe 1 Januari 1863. Mwaka huo huo aliweka siku mbili ambazo yafaa tuzisome pamoja. Tarehe 30 Aprili ilikuwa siku ya kufunga, ili taifa likiri dhambi zake, na hasa kiburi cha kuusahau mkono uliowapa mali na nguvu. Tarehe 26 Novemba ilikuwa siku ya kushukuru. Mama mmoja mhariri, Sarah Josepha Hale, alikuwa ameandika kwa miaka mingi akiomba taifa lote liwe na siku moja ya shukrani, na mwezi wa Septemba 1863 akamwandikia Rais mwenyewe. Tangazo likatoka tarehe 3 Oktoba. Nalo, pamoja na shukrani, liliwaagiza watu watubu kwa ajili ya upotovu wa taifa, na kuwakumbuka wajane, yatima na wenye kuomboleza. Twaona tena kikapu cha Musa, na pembeni yake yatima na mjane.

Tarehe 4 Machi 1865, vita vikiwa karibu kwisha, Lincoln alihutubia taifa. Hakuwasifu watu wa upande wake kuwa wenye haki. Alisema ya kuwa pande zote mbili husoma Biblia moja na kumwomba Mungu mmoja, na kwamba huenda vita vile ni malipo ya dhambi ya utumwa, ambayo pande zote mbili zilishiriki. Siku arobaini na moja baadaye akapigwa risasi. Mwezi wa Desemba mwaka ule utumwa ukakomeshwa kwa sheria kuu ya nchi. Mwaka 1941 Baraza Kuu likatunga sheria ya kuiweka siku ya shukrani katika Alhamisi ya nne ya Novemba, na ndivyo ilivyo hata leo.

Lakini wana wa watumwa walikaa miaka mia nyingine wakinyimwa haki zao katika sehemu nyingi za nchi. Tarehe 28 Agosti 1963, mbele ya jengo la kumbukumbu ya Lincoln, mchungaji Martin Luther King aliufananisha msingi wa taifa lile na hundi ambayo watu weusi walipewa, wakaipeleka ilipwe, ikarudishwa. Mzee yeyote wa kijiji angaliuelewa mfano huo mara moja. Na mwaka 1964 na 1965 zikapatikana sheria za kuanza kuilipa.

6. Neno kwetu

Mtu aweza kusema, "Mwalimu, taifa hilo limevunja maagano, nalo limekuwa tajiri na lenye nguvu kuliko mengi. Je, si uthibitisho ya kwamba uaminifu hauna faida?" Hoja hii yastahili jibu. Kwanza, Bwana wetu alitufundisha ya kuwa Mungu huwanyeshea mvua wenye haki na wasio haki. Basi mavuno mengi peke yake si ushahidi wa baraka. Pili, tazama nani waliolipa deni. Vijana waliolala Gettysburg mwezi wa Julai 1863 hawakumwuza mtoto wa Metacom, wala hawakuwa wamezaliwa taifa lilipoandika ahadi yake bila kuitimiza. Baba walikula zabibu mbichi, wana wakatiwa ganzi meno. Tatu, furaha yenyewe imetiwa ufa. Tangu 1970 baadhi ya Wawampanoag na wenyeji wengine hukusanyika Plymouth siku hiyo ya shukrani, nao huomboleza. Meza ya 1621 ilikuwa moja, leo imegawanyika.

Hata hivyo rehema za Mungu hazikukoma. Wawampanoag wako mpaka leo. Lugha yao ilikuwa imenyamaza zaidi ya miaka mia, hata tangu miaka ya 1990 wakaanza kuifufua, na katika vitabu vilivyowasaidia mmojawapo ni ile Biblia ya Eliot ya 1663. Kazi iliyofanywa kwa uaminifu, na watu waliodharauliwa wakati wake, imewarudishia wajukuu maneno ya babu zao.

Sasa, ndugu zangu, turudi kwetu. Nyimbo za taifa za Tanzania na Kenya ni sala. Twamwomba Mungu baraka kila tuziimbapo. Tunafanya vema. Lakini baraka ya taifa haishuki mjini mkuu kwanza, kisha ije kijijini. Hujengwa na maagano madogo yanayotunzwa na watu wadogo. Mwaka huu, kabla hujachukua kikapu chako kwenda kanisani, jiulize: Kibarua aliyepalilia shamba hili, nimemlipa ujira wake wote? Jiwe la mpaka kati yangu na jirani, liko pale alipoliweka baba yangu? Mjane wa ndugu yangu na watoto wake, bado wanalima shamba lao, au nimelitia katika langu na kuliita mali ya ukoo? Aliyenikopesha mbegu wakati wa njaa, ananiona nikipita mbali na mlango wake?

Ikiwa lipo deni, fanya kama wale wakimbizi wa 1620 walivyofanya na mahindi waliyoyafukua. Mtafute mwenyewe, umlipe. Kisha njoo na kikapu chako, hata kikiwa na mahindi machache, ukaimbe pamoja nasi. Na ukimkuta mwenye deni lako ameketi katika benchi lile lile, naye anaimba, ujue ya kuwa mvua ya baraka imekwisha kuanza kunyesha.